Treni ya Handeni Imechelewa

"Mimi mtu akiondoka namfuta," alisema Sabiri, huku akipangusa vumbi kwenye spika kwa pindo la shati. "Nabonyeza, anakwenda zake. Leo ukinitajia jina lake nitakuuliza, huyo nani, mpangaji wa zamani?"

"Rukaya," akasema Ritha.

"Nani?"

"Hiyo spika umeishika kichwa chini."

Sabiri akaigeuza spika taratibu, kama mtu aliyekuwa na sababu zake za kuishika vile, akaendelea kuipangusa. Ritha hakucheka. Alipindua maandazi kwenye karai na kukung'uta mafuta kwenye kijiti.

Walikuwa majirani pale Manundu, chumba kwa chumba, ukuta mmoja katikati. Ritha alikuwa mama wa makamo, mjukuu wa manamba aliyekuja Korogwe kukata mkonge akanogewa. Hakuwa na mume, alikuwa na jogoo. Sabiri alimwita Da Ritha, na Da Ritha alimwita "wewe".

Kazi ya Sabiri ilikuwa kuzisemesha katuni Kiswahili. Alipata mikononi mwa watu katuni za zamani, za nchi ambazo hata lugha zake hajui zinaitwaje, akazima sauti zao na kuweka zake. Hakuwa anaelewa neno. Aliangalia mdomo unavyofunguka, akabuni. Chumba chake kilikuwa studio mchana na nyumba usiku: asubuhi godoro linatoka kitandani, linasimamishwa ukutani kuzuia kelele, jioni linarudi kulaliwa.

Katuni iliyompa jina ilikuwa ya kobe mmoja, stesheni masta wa stesheni ya kijijini, kwenye nchi ya theluji. Sabiri alimpa jina Mzee Tuli. Kulikuwa na mbayuwayu anayefika msimu wa joto na kuondoka baridi ikianza. Huyo alimwita Kiangazi. Kulikuwa na mbuzi mkata tiketi na fisi mkaguzi wa reli. Wote walisema kwa koo la Sabiri. Mchana ungepita nje ya kile chumba ungedhani kuna kikao cha ukoo. Ungechungulia ungeona kijana mmoja, amekaa peke yake na maiki, na sahani moja ya wali uliopoa.

Watu waliipenda ile katuni kupita alivyotarajia. Waliigawana kwenye flashi na memori kadi kutoka Korogwe hadi Kabuku, madereva wa malori wakaibeba kwenda mbele zaidi. Na wapenzi wa kitu chochote wakishakuwa wengi, wanaanza kuchunguza. Walibishana kwa nini saa ya stesheni siku zote inaonyesha saa kumi na dakika kumi. Walibishana kuhusu jogoo. Jogoo huyo alisikika akiwika katikati ya theluji, sehemu baada ya sehemu, lakini hakuonekana hata siku moja. Kundi moja likasema ni mzimu wa stesheni. Kundi lingine likasema ni Mzee Tuli mwenyewe, anaota. Sabiri hakuwaambia kwamba ni jogoo wa Da Ritha, ambaye kila akiona maiki imewashwa anakumbuka kwamba ana la kusema.

Na kulikuwa na ile kauli. Kila mwisho wa sehemu, jua likizama, Mzee Tuli anasimama chini ya taa na kusema: "Treni ya Handeni imechelewa. Taa naiacha inawaka." Watu walicheka sana. Kila mtu wa Korogwe anajua reli inakwenda wapi na wapi haiendi. Handeni haiendi, haijawahi kwenda.

Sasa asubuhi hiyo simu ikalia. Alikuwa Hiza, mwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, kule Handeni.

"Msimulizi wetu," akasema Hiza, "watu huku wamechoka kusubiri sehemu ya mwisho. Unayo?"

"Ninayo."

"Umeshaitazama?"

"Nimeitazama mpaka nimeikariri," akasema Sabiri, ambaye aliifungua siku moja, akaona theluji imeifunika stesheni nzima na kobe amekaa peke yake kwenye benchi, akaifunga, akatoka kwenda kunywa soda asiyokuwa na kiu nayo.

"Basi njoo Jumamosi hii mchana, uisimulie hapahapa, mbele ya watu. Mdomo wako na maiki yangu. Au Handeni unaiogopa?"

"Handeni ni mji kama miji mingine," akajibu Sabiri, akakata simu, akakaa.

Da Ritha alifuta mikono. "Nina shangazi Handeni ambaye sijamwona siku nyingi," akasema. "Jumamosi nakwenda na wewe."

"Una shangazi Handeni tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

*

Ili msomaji asidhani Sabiri hakuwa na moyo, ni vizuri kusema jinsi walivyoachana.

Rukaya binti Mhina alikuja Korogwe kumuuguza shangazi yake wa Kwamndolwa. Alishonea watu nguo kwenye baraza la shangazi, na siku moja Sabiri alipeleka suruali ipunguzwe kiuno. Suruali ile ilipunguzwa kiuno mara nyingi sana mwaka ule. Ikafika mahali haikuvalika tena, na bado alikuwa anaipeleka.

Shangazi akapona. Mzee Mhina akatuma neno kwamba binti yake arudi nyumbani, na akaongeza, kwa watu wake, kwamba hataki kusikia habari za mkwe anayejulikana mjini kwa sauti ya mnyama. Siku ya kuondoka, pale stendi, Rukaya akiwa ameshika begi lake kwa mikono miwili, alimwambia Sabiri: "Sema kitu. Kimoja tu. Nitakibeba."

Sabiri alitazama kulia, akatazama kushoto, watu wamejaa. Akafungua mdomo na ile sauti nzito ya Mzee Tuli ikatoka: "Abiria wote mnatakiwa safari njema, msisahau mizigo yenu."

Stendi nzima ikacheka. Rukaya alipanda gari. Alikaa dirisha la upande wa pili.

Jioni hiyo Sabiri alirekodi sehemu mpya, na kwa mara ya kwanza kobe akataja treni ya Handeni.

*

Kibanda cha Hiza kilikuwa jirani na soko, ukuta wa mabati, mabenchi ya mbao, shuka jeupe limekazwa mbele. Jumamosi hiyo kilijaa mapema. Sabiri hakuwa amewahi kuwaona wapenzi wake mahali pamoja, akashangaa. Kuna kijana alivaa kofia ya karatasi ya stesheni masta. Kuna binti, Grasiana, alijifunga beseni la plastiki mgongoni, la kijani, limechorwa magamba kwa mkaa. Akikaa, aliyekaa nyuma yake haoni kitu, na hakuna aliyelalamika.

"Shikamooni," akasema Sabiri kwa sauti ya kobe, na watu wakapiga makofi mpaka mabati yakaitikia.

Hapo ndipo alipomwona. Benchi la mwisho, karibu na mlango, mtandio wa rangi ya ndimu, mikono imepumzika mapajani. Rukaya hakupiga makofi. Alimtazama kama mtu anayesoma saa ya ukutani kujua kama bado ana muda. Sabiri akahamisha macho haraka kwenda kwa Da Ritha, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na kapu lake, na Da Ritha naye akageuka kuangalia alichokuwa anakikimbia.

Hiza akasema kabla ya kuanza, wapenzi wanaruhusiwa kuuliza maswali.

"Yule jogoo ni nani?" akauliza wa kwanza.

"Siri ya shirika la reli," akasema Sabiri.

"Nyinyi mnahangaika na jogoo," akasema mzee mmoja, "mimi nataka kujua fisi anapata wapi nauli."

Wakacheka, Sabiri akawajibu, akapata moto. Kuchekesha watu ndiyo nyumba aliyoizoea. Humo alijua kila mlango. Kisha akasimama kijana mmoja mrefu, mpole, anaitwa Yordani, fundi baiskeli.

"Mimi langu ni dogo," akasema Yordani. "Ile treni ya Handeni. Sisi wa Handeni tumekaa tukajadiliana. Reli hatuna. Ina maana Mzee Tuli anasubiri kitu ambacho hakiwezi kuja. Anajua, au hajui?"

 Swali lilikuwa jema, na liliulizwa kwa heshima, na Sabiri aliona mtandio wa ndimu umeinuka kidogo pale nyuma.

"Ndugu yangu Yordani," akasema, "nitakwambia ukweli wote. Jografia nilipata F. Ni makosa ya ramani. Nilipogundua watu wanacheka, nikayaacha."

Watu wakaangua kicheko. Yordani naye akacheka kidogo, akakaa, lakini alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Hiza akasema jamani dakika kumi, tunafunga mitambo, mwenye kiu akanywe maji.

*

Alimkuta nyuma ya kibanda, kwenye kivuli cha simtanki la maji. Au labda yeye ndiye aliyekutwa.

"Umekonda," akasema Rukaya.

"Kobe huwa hanenepi, gamba halina nafasi."

"Nilikuwa naongea na Sabiri."

 Upepo ulileta harufu ya machungwa kutoka sokoni. Rukaya alikuwa bado anavaa kile kidude cha chuma kidoleni, cha kuzuia sindano, amekisahau au amekizoea.

"Hujambo, Sabiri," akasema.

"Sijambo. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Anakutazama."

"Nani ananitazama?"

"Baba. Wapwa zangu wakiwasha, anajifanya anapukuchua mahindi. Juzi kwenye sehemu ya mafuriko alipukuchua gunzi tupu mpaka mwisho. Lakini likitajwa jina lako anasema hakujui."

Wakacheka wote wawili kidogo, wakaacha kwa pamoja.

"Wiki ile nilipofika huku," akasema Rukaya, "ilitoka sehemu mpya. Nilikuwa nachambua mchele. Mzee Tuli akasema treni ya Handeni imechelewa. Nikaacha mchele. Nikajisemea, hapa ninaambiwa mimi. Halafu nikajisemea, Rukaya usiwe mjinga, mtu gani anazungumza na mtu kupitia kobe? Sehemu iliyofuata akasema tena. Na nyingine tena. Nimekuwa mjinga na mwerevu, kila wiki, zamu kwa zamu. Nimechoka."

"Pole."

"Nimeletewa posa."

Sabiri aliangalia bomba la simtanki. Lilikuwa linadondosha tone moja moja, na chini yake kuku alikuwa anasubiri kila tone.

"Wa wapi?"

"Kabuku. Anaitwa Awadhi. Ana duka la mbegu na dawa za mimea."

"Ni mtu mzuri?"

"Mtu mzuri. Ukimuuliza kitu, anajibu."

Hilo lilimwingia. Hakutikisika, lakini lilimwingia.

"Baba ameniita akaniuliza, kuna mtu unamsubiri? Baba yangu, Sabiri. Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo tangu nizaliwe. Akasema, kama yupo nitajie, hata kama simpendi nitamsikiliza. Kama hayupo, watu wa Kabuku wapewe neno lao. Nikamwambia nipe mpaka Jumamosi jioni." Akavua kile kidude kidoleni, akakivaa tena. "Leo Jumamosi. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ile treni ni makosa, kama ulivyowaambia watu mle ndani, au ni kitu?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni tayari, limevaa viatu. Lakini Sabiri alijiona mwenyewe: godoro ukutani, sahani moja, mtu mzima anayelipwa kwa kusema kama mbuzi. Akaliona duka la Kabuku, mifuko ya mbegu imepangwa, mwanamume mtulivu nyuma ya meza akiulizwa kitu na kujibu. Akaona ni uungwana kumwachia mwenzake njia. Wapo watu wanaouita woga wao uungwana, na Sabiri siku hiyo alikuwa mmoja wao.

"Ni makosa," akasema. "Makosa ya kazi tu."

Rukaya akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama fundi aliyeelezwa kipimo.

"Haya," akasema. "Nitakaa nione mwisho. Halafu nitakwenda kumjibu baba."

*

Hiza akafunga pazia la mlangoni. Picha ikaanza.

Sabiri alikaa pembeni ya shuka na maiki, na kwa dakika za mwanzo kazi ilimbeba. Mbuzi akakata tiketi, fisi akakagua, watu wakacheka walipotakiwa kucheka. Kisha baridi ikaingia. Kiangazi akaruka juu ya paa la stesheni, akazunguka mara moja, akaondoka. Mbuzi akafunga dirisha. Fisi akabeba sanduku lake. Theluji ikaanza kuanguka, na Sabiri akajua amefika pale alipoishia ile siku ya soda. Kuanzia hapo hakujua chochote, sawa na Grasiana na beseni lake.

Mzee Tuli alikaa kwenye benchi. Saa kumi na dakika kumi. Midomo yake haikufunguka. Katika katuni nzima, kobe yule hakuwahi kunyamaza muda mrefu namna ile, na msimulizi hana pa kuweka neno kama mdomo haufunguki. Kibanda chote kilisikia feni ya kompyuta. Sabiri alimtazama mnyama wa kuchorwa akiwa peke yake kwenye benchi refu lililotengenezwa kwa ajili ya watu wengi, na akahisi amepigwa picha bila kuambiwa.

Kobe akainuka. Akatembea, polepole mno, hadi kwenye taa. Akainyooshea mkono.

Akaizima.

Shuka likawa la buluu na jeusi. Pale chini zikaja zile herufi zao zinazofanana na miguu ya kuku, na muziki wa kinanda, na basi.

"Amezima taa?" mtoto akauliza gizani.

Hakuna aliyemjibu. Watu walikuwa wanamgeukia Sabiri, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia miaka yote mambo haya yana maana gani. Pale nyuma benchi lililia. Mtu alikuwa anasimama. Sabiri akaleta maiki mdomoni, na sauti ya kobe ikatoka, nzito, ya uzee, haikutetemeka hata kidogo.

"Nimezima," ikasema, "kwa sababu hakuna treni ya Handeni. Haikuwahi kuwepo. Nendeni nyumbani wanangu, yalikuwa makosa ya stesheni masta."

Grasiana akaanza kulia, beseni likitikisika mgongoni. Kijana wa kofia ya karatasi akaivua. Mtandio wa ndimu ulishafika mlangoni, mkono umeshika pazia.

"Muongo huyo," ikasema sauti ya mbele.

Hiza akawasha taa. Da Ritha alikuwa amesimama, kapu mkononi. Hakuwa amepandisha sauti. Alisema kama anavyosema maandazi yameisha.

"Da Ritha, kaa," akasema Sabiri.

"Nimekaa vya kutosha. Jamani, mimi ni jirani yake. Yule jogoo mnayemgombania ni wangu, analala upande wangu wa ukuta, si mzimu hata kidogo."

Minong'ono ikapita mabenchini. Kwa baadhi yao, mjadala wa maisha ulikuwa umefungwa. Da Ritha akasubiri ipite.

"Godoro analoweka ukutani halizuii kitu. Nasikia fisi, nasikia mbuzi, nasikia yote. Akimaliza anazima mitambo yake, ina mlio, inalia ti. Nausikia ule mlio. Kazi imekwisha." Akageuka, si kwa Sabiri, akageuka kwa aliyekuwa mlangoni. "Halafu anasema tena. Treni ya Handeni imechelewa, taa naiacha inawaka. Kila jioni, hata siku ambazo hajarekodi chochote. Na hasemi kwa sauti ya kobe. Anasema kwa sauti yake hiihii aliyozaliwa nayo, mpaka wakati mwingine mimi napunguza redio, namwonea haya."

Akamrudia Sabiri.

"Sasa nieleze mbele ya hawa watu. Mashine imezimwa. Chumbani hamna mtu. Yale makosa ya kazi, huwa unamwambia nani?"

Pazia liliachiwa. Rukaya alikuwa amegeuka, mgongo mlangoni, anamtazama. Nje ya ukuta wa mabati mtu alikuwa anaita wateja wa machungwa. Mle ndani maiki bado ilikuwa inawaka mkononi mwa Sabiri, ikichukua pumzi zake na kuzipeleka kwenye spika, kubwa, moja baada ya nyingine, ili watu wote wazisikie.

Alifungua mdomo kumtafuta kobe. Kobe hakuja; ikatoka sauti yake mwenyewe: "Rukaya."